Tanzia ya Mtu Aliyekuwa Hai

Kazi yangu kwenye redio hapa Kitale, ukiondoa habari na bei ya mahindi, ni kusoma matangazo ya vifo. Watu huyaleta kwa mkono, wengine huyatuma kwa simu, na mimi sisomi hata moja kabla sijapiga simu nyumbani kwa marehemu kuuliza kama kweli amekufa. Nimetukanwa sana kwa hilo. Mama mmoja kutoka eneo linaloitwa Kwanza, kwetu kabisa, aliniambia nina roho ya jiwe, ati ninampigia mjane kumuuliza kama ana hakika. Meneja amenisihi niache. Sijaacha na siachi. Mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, nilikuta karatasi mezani: familia ya marehemu Mzee Wekesa wa Webuye inasikitika kutangaza kifo cha mwana wao Simiyu, aliyegongwa na lori barabarani. Niliisoma, nikaiweka chini, nikapiga nambari iliyoandikwa chini yake huku nikiomba uwe ni mzaha wa mtu asiye na haya. Mwanamke akapokea. "Ni Wambui wa redio," nikasema. "Mama, nauliza tu kama hii habari ni ya kweli." "Wambui yule wa shule?" "Ndiye mimi, Mama." "Hii ni ya kweli," akasema. "Ile ingine ndio ilikuwa ya uongo." Kisha akaniomba niende Webuye kuwaandikia wasifu wa kusomwa siku ya mazishi. Hapo nyumbani, alisema, hakuna mtu aliyetaka kushika kalamu kwa jina la Simiyu.

Mwaka wa hiyo habari ya uongo tulikuwa kidato cha tatu, mimi na Simiyu, katika shule ya bweni ya mseto nje kidogo ya mji. Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani ghala la mahindi, na kila mvua iliponyesha kuta zilirudisha harufu ya magunia. Dirisha lilikuwa moja, juu sana, kwa sababu mahindi hayahitaji kuona nje. Kompyuta zilikuwa nyingi kwa kuzitazama na chache kwa kuzitumia. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Chebet, alikuwa msichana tu aliyemaliza chuo juzi, ameajiriwa na bodi ya shule, na ndiye aliyeanzisha klabu ya uanahabari. Modemu yake aliibeba ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso kama vile ni yai. Jumamosi baada ya usafi tulikaa kwenye mabenchi, yeye akaichomeka, nasi tukasubiri ukurasa ufunguke huku tukinong'ona kama watu walio kanisani. Alikuwa amepata tovuti moja ya walimu wa ng'ambo, imejaa mada za majadiliano na mazoezi ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma Kiingereza na uandishi wa habari. Printa haikuwa na wino, kwa hiyo mada ya wiki aliiandika ubaoni kwa chaki, sisi tukaandika majibu yetu kwenye karatasi, na lile bora likachapwa na kuwekwa kwenye ukurasa wa klabu mtandaoni. Nilikuwa sijawahi kuona jina langu mahali ambapo mtu wa Nairobi angeweza kulisoma. Lilinipanda kichwani kidogo, sikatai.

Mada zenyewe zilituchekesha. Jadili: je, mwanafunzi wa miaka kumi na sita aruhusiwe kuendesha gari kwenda shule? Jadili: theluji ikifunga barabara, wewe na familia yako hufanya nini? Jadili: boresha chaguo la vyakula katika mkahawa wa shule yenu. Simiyu alijibu hii ya mwisho kwa ukurasa mzima kuhusu mahindi na maharagwe yetu, githeri ya Jumatatu ikilinganishwa na githeri ya Jumanne, na Madam akacheka mpaka akakaa. Lakini tuliyajibu yote, hata ya theluji. Huo ndio ugonjwa tuliokuwa nao na ambao sijui kama umetibiwa. Swali likishaandikwa ubaoni, mtoto wa shule ya Kenya haulizi kama linafaa kuulizwa. Anatoa hoja, anaeleza, anatoa mfano, na mfano usio na jina la mtu na jina la mahali hauna alama. Tulifunzwa hivyo tangu darasa la nne, na baadhi yetu kwa kiboko.

Basi muhula wa pili Jumamosi moja Madam akaandika: Andika tanzia ya mtu unayemjua vizuri ambaye bado yuko hai. Nadhani huko ilikotoka ni zoezi kama zoezi lingine, watoto wanamwandikia nyanya yao, nyanya anacheka, wanakunywa chai. Madam alitoka Bomet, mbali na mila za huku, na mwenyewe hakuona neno. Ila nusu ya sisi tulioketi pale walikuwa watoto wa Bungoma, upande wa Webuye kwao Simiyu, waliolelewa na watu ambao hata mgonjwa akizidiwa hawasemi amezidiwa, wanasema amelala. Walijua kabisa kwamba mtu haliliwi akiwa anapumua. Hakuna aliyeinua mkono. Wote wakainamisha vichwa wakaanza kuandika. Mimi nilimwandikia jirani yetu mwenye mbwa wakali, na nikamuua kwa furaha. Simiyu alimwandikia baba yake.

Aliniambia sababu siku hiyo hiyo, tukiosha sahani za chakula cha mchana kwenye mfereji. Likizoni alikuwa amekaa nyuma ya jikoni kwao akimenya miwa, mama yake na shangazi yake wako ndani, wakadhani yuko mtoni. Akasikia shangazi akiuliza daktari wa Bungoma amesemaje, na mama akijibu kwamba kifua kimekwisha, kwamba dawa ni ya kumtuliza tu. Mzee Wekesa alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye, mpaka kilipofungwa, na kikohozi alikuwa nacho tangu Simiyu amjue. Nilimuuliza kwa nini basi aandike jambo kama hilo, la kuogofya hivyo. Alisugua sahani moja kwa muda mrefu. "Watu husema vitu vizuri wakati mwenyewe amefungiwa kwa sanduku," akasema. "Mimi nilitaka asome akiwa bado ako." Hadi leo sijasikia sababu bora ya kuandika chochote.

Na aliandika vizuri, jamani. Aliandika kwamba baba yake alikuwa hafungui kitabu kabla ya kukinusa, hata Biblia, hata daftari la mtoto, na kwa harufu peke yake alikuwa akikwambia kama karatasi ni ya Webuye ama imetoka nje. Aliandika jinsi alivyopiga mluzi akinyoa ndevu. Kisha, kwa vile ni mtoto aliyefundishwa kutoa mfano kamili, akamalizia kama redio inavyomalizia: marehemu amewaacha mjane na watoto hawa, mipango ya mazishi inaendelea nyumbani kwake, jamaa na marafiki wajulishwe popote walipo. Picha ya mzee alikuwa nayo, amevaa koti la harusi. Madam aliisoma, machozi yakamlenga, akaiweka kwenye ukurasa wa klabu pamoja na picha, na juu kabisa akaandika kwamba hili ni zoezi la wanafunzi. Hakukosea hapo. Lakini watu wa mitandaoni hawabebi kichwa cha habari, hubeba picha na machozi.

Yaliyotokea Webuye niliyasikia kupitia dirisha la ofisi ya naibu mkuu, Jumatatu iliyofuata, nilipotumwa kupeleka chai ya wageni na nikakawia kwenye ukumbi na sinia tupu. Aliyekuwa akisema ni Kundu, mdogo wake Mzee Wekesa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Binamu yao mmoja Nairobi aliiona ile picha Jumapili asubuhi, akainakili bila yale maneno ya juu, akaituma kwa jamaa wote. Mzee mwenyewe alikuwa ameondoka mapema kwenda Bungoma kumwona rafiki yake aliyelazwa hospitalini, na simu yake haikuwa na moto kwenye betri. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kukana. "Watu walitoka kanisani wakilia," Kundu akasema. "Dada yetu ameanguka kwa barabara. Viti vimeletwa, turubai limeletwa, ng'ombe ametafutwa. Mimi mwenyewe nimesimama pale nikionyesha vijana mahali pa kuchimba. Halafu saa tisa, mwalimu, ndugu yangu akaingia kwa geti amebeba mkate." Kiti kikakwaruza sakafu. "Watoto walimkimbia. Mke wake alimkimbia. Akauliza, nani amekufa? Sasa niambie wewe umesoma, hapo tungemjibu nini?" Madam Chebet alisema kitu ambacho sikukisikia, sauti yake ilikuwa chini sana. "Hapana, madam," Kundu akasema. "Kilio kikishatoka, hakirudi ndani. Kinatafuta mwenyewe. Huyo kijana amezika baba yake kwa kompyuta."

Wazee wa Webuye walibishana kama, ili kuondoa mkosi huo, kondoo achinjwe au mchungaji aombe. Mwishowe yakafanywa yote mawili na hakuna aliyeridhika. Shuleni haikuchukua hata wiki. Madam aliambiwa mkataba wake umeisha. Nilimwona akitoka getini na sanduku lake, ile leso ya modemu imefungwa kwenye kishikio, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyemsindikiza. Niliumia na nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Chumba cha kompyuta kilifungwa kwa kufuli, na tulipouliza tukaambiwa tushughulike na mtihani.

Ilipofika mapumziko ya katikati ya muhula, Simiyu akanijia akiwa na uso wa mtu aliyeitwa polisi. "Mzee amesema nimpelekee hao waandishi," akasema. "Anataka kuwaona." Wanaklabu wote wakapata kazi za kufanya makwao. Nikaenda mimi. Sebule yao ninaiona mpaka sasa: viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya duka la mbolea, na magazeti ya zamani yaliyopangwa hadi dirishani, ambayo mzee hakutaka yatumiwe kuwashia moto. Alikuwa amekaa karibu na mlango ili apate hewa, mwembamba kuliko kwenye picha, koti lile lile limemzidi mabega. "Kumbe ni wewe mmekuwa mkiua watu na huyu," akaniambia. Nikashindwa kujua kama nicheke. "Karibu kiti, msichana wangu. Usiogope, mimi nimekufa tayari, siwezi kukufanya kitu." Kundu alikuwa pembeni pamoja na yule shangazi, na hao wawili hawakucheka hata kidogo.

Chakula kikaletwa, ugali na kuku, na mama akaweka firigisi mbele ya mzee kama inavyopaswa, kwa sababu katika nyumba za huko firigisi ni ya mwenye boma na hakuna mtu mwingine anayeigusa. Mzee akaiangalia. Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono mezani, akaiweka kwenye sahani ya Simiyu. "Kaka," Kundu akasema. "Si mlishanililia?" mzee akamjibu. "Mmeleta turubai, mmeonyesha vijana mahali pa kuchimba. Kama mimi ni marehemu, basi hii ni ya kijana. Kula, Simiyu." Simiyu alimtazama mama yake, mama akatazama sakafu. Akaila. Kundu aliweka tonge lake chini na hakulichukua tena.

Sahani zilipotolewa, mzee akasema sasa asomewe. Simiyu akabadilika rangi. Akatoa karatasi yake ya Kiingereza mfukoni, na kwa ajili yangu mgeni nisiyejua lugha ya kwao akaisoma kwa Kiswahili, akitafsiri pole pole. Shangazi alitoka nje alipofika kwenye neno marehemu. Mzee alisikiliza huku amefumba macho. "Hapo umekosea," akasema. "Umeandika nilianza kazi kama fundi wa mashine. Mimi nilianza kama mfagiaji. Miaka minne nimefagia. Andika." Simiyu akaniomba kalamu, akaandika. Akaendelea. "Hapo tena. Mluzi sipigi nikinyoa, hapana, mtu atajikata. Ni nikimaliza." Akaandika hilo nalo. Walienda hivyo mstari kwa mstari, baba na mwanawe, kama wahariri wawili, na kikohozi kilipomkamata mzee tulisubiri kiishe. Mwisho akaomba karatasi, akainusa, akamrudishia. "Hii si ya kwetu," akasema. "Lakini maneno ni sawa. Siku ikifika, usome hivyo hivyo." Kundu alikuwa amekaa pale pale na alisikia kila neno.

Siku ilifika muhula wa tatu, mvua zikikaribia kuisha. Tulienda mazishini wachache kutoka darasani tukiwa na sare zetu. Aliyesoma wasifu ni mwalimu wa shule ya Jumapili, kutoka kwenye kijitabu kilichochapishwa Bungoma, na ndani yake Mzee Wekesa alianza kazi kama fundi wa mashine. Nilimtafuta Simiyu kwa macho mbele, penye familia. Hakuwako. Alikuwa nyuma karibu na tangi la maji, amesimama na majirani, yeye kifungua mimba wa nyumba hiyo. Nilimwendea. "Wamesema nisishike udongo," akaniambia. "Ati mimi nilishamzika." Hakuwa akilia. Ningependelea alie. Kundu alitupa udongo wa kwanza, akifuatiwa na wengine wa ukoo, na Simiyu aliangalia kutoka pale alipokuwa mpaka kaburi likajaa. Januari tulipofungua kidato cha nne kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Kila mtu alisema ameacha shule kwa aibu. Mimi pia niliamini hivyo, na kwa miaka nilikuwa nikimkasirikia kidogo, kwamba angepiga moyo konde amalize. Alijifunza kutengeneza simu, akafungua kibanda kando ya barabara kuu. Nilipita hapo mara kadhaa nikimpelekea simu zisizo mbovu. Tuliongea mambo ya mvua na bei ya unga. Mara moja tu nilimuuliza kama bado anaandika. Akasema, "Wambui, wachana na hiyo," na akaendelea kukaza skrubu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda Webuye na rasimu yangu. Sebule ni ile ile, vitambaa vimekuwa vya manjano, magazeti hayapo. Mama Simiyu amezeeka na miguu imevimba. Kundu alikuwa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, kofia magotini, mzee sasa, sauti imebaki nusu. Mke wa Simiyu alikuwa chumbani na watoto, tukimsikia akiwanyamazisha. Chai ikamiminwa. "Soma," Mama akaniambia. Nikasoma: alizaliwa wapi, alipenda nini, kwamba aliwahi kumwandikia baba yake na baba akamsahihishia. Kundu akajikohoza. "Hiyo itoke," akasema. "Hiyo inakaa," Mama akasema, bila kumtazama. Nikaendelea. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba aliacha shule akiwa kidato cha tatu, Mama akainua mkono.

"Hapo umekosea, mwanangu." Nilishtuka, kwa sababu yalikuwa maneno yale yale, katika chumba kile kile. "Simiyu hakuacha shule. Alikuwa amefunga sanduku, viatu amepaka rangi. Huyu hapa akasema mtoto akirudi kwa hizo kompyuta atatumaliza sisi wote mmoja mmoja. Na mimi mama yake nikanyamaza. Nilikuwa nimeogopa. Sisi ndio tulimtoa. Andika hivyo."

"Hayo si ya kusomewa watu," Kundu akasema.

"Mzee wangu alisomewa yake akasahihisha mwenyewe," Mama akamjibu. "Huyu hakusomewa. Mimi ndio nasahihisha." Kundu aligeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena. Nikakata mstari wangu, nikaandika wake, na jioni hiyo nikaupeleka wasifu Bungoma uchapishwe.

Siku ya mazishi niliusoma wasifu mwenyewe, na sentensi hiyo nikaisoma jinsi ilivyosemwa, bila kuharakisha: familia yake ilimtoa shuleni akiwa amefunga sanduku. Watu waliinua macho kutoka kwenye vijitabu vyao. Kundu alikuwa mstari wa mbele, akiitazama ardhi. Jeneza liliposhushwa, mchungaji akamwashiria yeye atupe udongo wa kwanza, kama mkubwa wa ukoo, na akaanza kuinuka akishikilia kiti. Mama Simiyu alikuwa ameshainuka. Alitembea na miguu yake mibovu mpaka ukingoni, akainama kwa shida, akashika udongo kwa mikono miwili.